Barua kwa mwanangu: kwa nini wanashusha kinga ya baba yako mdogo

Mwanangu,

Marahaba. Huku Korogwe hatujambo, goti la baba yako limetulia na vuli zimeanza vizuri. Niliposoma ujumbe wako nilitaka kupiga simu, kisha nikaona maneno ya simu yatapotea njiani kabla hayajamfikia mama yako mdogo. Bora nikuandikie, nawe umsomee hapo hospitali mkiwa mmekaa.

Umeuliza hivi: baba yako mdogo amekutwa na kifua kikuu cha utando wa ubongo, ameanzishiwa dawa za TB, na papo hapo daktari anamchoma deksamethasoni. Ukaitafuta dawa hiyo kwenye simu, ukakuta ni steroidi na kwamba inashusha kinga ya mwili. Sasa inakuwaje mtu anayeshambuliwa na bakteria apunguziwe kinga wakati ndipo anapoihitaji? Na yule kijana anayeuza virutubisho amewaambia steroidi ndiyo itakayommaliza, muikatae, mchukue kopo lake la kuongeza kinga kwa shilingi elfu themanini.

La haraka kwanza: msiikatae. Na akishaizoea kwa siku kadhaa ndiyo kabisa isikatwe ghafla, kwa sababu mwili ukipewa steroidi kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake. Ikiondolewa kwa mkupuo mtu anaweza kuanguka presha akazimia. Daktari mwenyewe ataipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kutoka sindano hadi vidonge, hadi iishe. Dawa za TB zenyewe zinaendelea, na kwa TB ya ubongo si miezi sita uliyozoea kuisikia, ni mwaka mzima.

Sasa sababu. Nitakwenda taratibu, kwa kuwa wewe hukubali jambo hadi ulione lilikotoka, na katika hilo umefanana na babu yako.

Mgonjwa wa TB ya ubongo akitolewa maji ya uti wa mgongo (mwambie mama yako mdogo asiogope, sindano inaingia chini ya pale mkanda wa neva unapoishia, haimlemazi mtu), yale maji huwa meupe, ukiyatazama haraka unadhani ni ya bomba. Enzi zangu za uuguzi tulikuwa tukiyaacha yasimame kwenye kichupa wima bila kuyatikisa. Baada ya saa kadhaa unaona uzi mwembamba umening'inia katikati, utando laini kabisa, ukikitikisa kichupa unapotea. Ule utando ni protini iliyovuja kutoka kwenye mishipa ya damu. Bakteria wenyewe humo huwa wachache, mtu wa maabara anaweza kukaa na hadubini nusu saa asimwone hata mmoja. Protini ndiyo imejaa, na seli nyeupe ndizo zimejaa. Yaani ukiyapima maji ya ubongo wa mgonjwa huyu, unachokutana nacho zaidi ni mwili wake mwenyewe ukihangaika.

Na kuhangaika huko ndiko kunakoua. Chini ya ubongo kunajikusanya ute mzito unaozibana mishipa ya damu mpaka sehemu za ubongo zinakosa damu, mtu anapooza upande. Ute huohuo unaziba njia za maji, maji yanajaa ndani, na fuvu halitanuki. Mguu ukivimba una pa kuvimbia, ubongo hauna. Dawa za TB zinaua bakteria polepole, na zikiwaua, vipande vya maiti zao vinachokoza uvimbe zaidi. Ndiyo maana wengine huzidiwa wakiwa tayari kwenye dawa sahihi, na ndugu wanasema dawa imemkataa.

Wodini tulikuwa tunawaambia wagonjwa kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili. Inasaidia kumfanya mtu ameze dawa, lakini imetuharibia kichwa, maana mtu akisikia askari anadhani wakiwa wengi na wakali ndiyo salama. Afadhali ungewafikiria mgambo wanaomfukuza mwizi sokoni. Umewahi kuona wewe: mwizi kachomoka uchochoroni, na kilichobaki ni nyanya za kina mama zilizokanyagwa.

Wazo la seli zinazopambana lina mwanzo wake, na si wa zamani sana. Mwaka 1882 Elie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa upande wa Kharkiv, alikuwa amehamia Messina kule Sicily. Alikuwa anachunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa sababu miili yao inapenya mwanga, unaona kila kitu kilichomo ndani bila kupasua. Akachukua miiba bustanini akakichoma kiluwiluwi. Asubuhi akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba. Kutoka hapo akajenga hoja kwamba mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi. Wakubwa wengi wa wakati ule hawakumkubali, walisema seli hizo ndizo zinazowabeba wadudu na kuwasambaza. Mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Lishike lile neno la wapinzani wake, la kwamba seli huwabeba wadudu. Miaka mia moja na zaidi baadaye, kwa TB, limekuja kuonekana kwamba nalo lina ukweli wake.

Mwaka uleule wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alisimama Berlin akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo tunaadhimisha Siku ya TB tarehe hiyo. (Huyu huyu Koch alifika kwetu baadaye. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akitibu malale kwa dawa ya sumu iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Sipendi anavyosimuliwa kama malaika.) Lakini la Koch linalokuhusu wewe ni la mwaka 1890. Alitangaza amepata dawa ya TB. Hakusema ni nini, akaificha. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Ilipojulikana mwaka uliofuata, ilikuwa ni supu ya bakteria wa TB waliokuzwa, wakauawa, wakachujwa kwa gliserini. Aliita tuberkulini.

Tazama alichokuwa anafanya. Mtu tayari ana TB, kinga yake tayari inaijua TB, nawe unamwongezea vipande vya TB mwilini ili kinga iamke zaidi. Ikaamka kweli. Watu walipandisha homa kali, sehemu zenye ugonjwa zikavimba na kuoza, wengine wakafa. Rudolf Virchow, mpasua maiti mkubwa wa Berlin, aliwafungua baadhi yao na Januari 1891 akawaonyesha wenzake vidonda vilivyochochewa upya. Kwa hiyo kama kuongeza kinga ndiyo tiba, tiba hiyo ilijaribiwa miaka zaidi ya mia na thelathini iliyopita, na mtu mwenye jina kubwa kuliko kijana wa kopo, na ikaua.

Tuberkulini haikutupwa. Ndiyo ile sindano ya ngozi ya mkono niliyokuwa naichoma kliniki kwa watoto wa nyumba zenye mgonjwa. Unaingiza tone dogo juujuu ndani ya ngozi ya mkono, panainuka weupe kidogo, unamwambia mama arudi baada ya siku mbili au tatu. Akirudi huangalii wekundu, wekundu haumaanishi kitu. Unafumba macho karibu, unapapasa kwa ncha ya kidole mpaka uhisi ukingo wa ule uvimbe mgumu, unaweka alama kwa kalamu pande zote mbili, ndipo unaweka rula. Milimita 10 na kuendelea, huyu mwili wake umeshakutana na TB. Kwa mwenye VVU tunahesabu kuanzia 5. Na tuliwaona watu waliodhoofu, mapafu yamejaa TB mpaka makohozi yao yana bakteria tele, mkono umekaa laini, sifuri. Kinga yao ilikuwa imelala. Hao hatukuwapa steroidi za bure. Kwa hiyo usije ukasema mama anasema kinga ni mbaya.

Hapo sasa ndipo anapoingia mwanamke ambaye kazi yake ningetaka uifahamu, kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako sawasawa. Anaitwa Lalita Ramakrishnan. Ni daktari, alianza chuo cha udaktari kule Baroda, India, akiwa na miaka 17, akaenda Marekani kusomea elimu ya kinga, akafanya kazi Stanford, baadaye Seattle, na tangu 2014 yuko Cambridge, Uingereza.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa. Bakteria wa TB ni mvivu, anajigawa karibu mara moja kwa siku, ukimpanda maabara unasubiri wiki. Ni hatari kumkuza bila maabara maalumu. Na mambo muhimu yanatokea ndani ya pafu la mtu, ambako huwezi kuchungulia. Unapiga eksirei, unaona kivuli, hujui nani alifika kwanza na nani alimfanya nini nani. Kwa hiyo Ramakrishnan akamchukua binamu wa TB, Mycobacterium marinum, anayewaumwisha samaki. Mtu anampata mara chache, mara nyingi mkononi, kama amesafisha tangi la samaki akiwa na mchubuko, kwa sababu bakteria huyo anapenda ubaridi na mikono yetu ina ubaridi kuliko kifua. Akamtafutia samaki pundamilia, wale wadogo wenye mistari wa mito ya upande wa India. Kifaranga cha samaki huyo, siku chache baada ya kutoka kwenye yai, kinapenya mwanga, kama vile viluwiluwi vya Messina. Na kwa siku hizo za mwanzo kina kinga ya kuzaliwa nayo peke yake, ile ya seli zinazomeza. Zile seli za kinga zinazojifunza na kukumbuka bado hazijakomaa. Kwa hiyo ukiona jambo, unajua ni nani kalifanya.

Wakawachoma vifaranga bakteria waliopandikizwa rangi ya kung'aa, kwa sindano ya kioo nyembamba mno, wakawalaza chini ya hadubini wakiwa hai, wakatazama saa baada ya saa.

Seli kubwa zinazomeza, makrofaji, zilifika haraka na kuwala bakteria. Hadi hapo Metchnikoff angefurahi. Ila bakteria ndani ya makrofaji hawakufa wote, wengine walizaana humohumo. Makrofaji zikaanza kushikamana kuwa donge, ambalo madaktari huliita granuloma. Tangu zamani tulifundishwa, na mimi nilifundishwa hivyo chuo cha uuguzi, kwamba granuloma ni gereza, mwili umewafungia bakteria ndani. Mwaka 2009 Ramakrishnan na mwenzake Muse Davis walionyesha kitu kingine. Makrofaji iliyojaa bakteria inakufa. Wito unatoka, makrofaji nyingine zinakuja mbio, zinaila ile maiti pamoja na waliomo. Sasa bakteria waliokuwa katika seli moja wamegawana seli kadhaa. Nyingine katika hizo hutoka pale na kwenda kuanzisha donge jipya mahali pengine mwilini. Kumbe mwanzoni donge hilo ndiyo shamba lao.

Na kuna namna bakteria anavyoutoa wito huo. Ana kifurushi cha jeni kinachomwezesha kutoa protini fulani, na protini hizo huchokoza seli za jirani zipige yowe. Wakitumia bakteria wasio na kifurushi hicho, makrofaji mpya zinakuja chache na kwa kusuasua, donge halikui. Sasa tazama kovu lako la bega la kulia. Hiyo ni BCG uliyochomwa ulipozaliwa. BCG ni bakteria wa TB ya ng'ombe ambaye Albert Calmette na Camille Guérin, Wafaransa, walimpandikiza upya mara 230 kwa miaka 13, kuanzia 1908 hadi 1921, kwenye viazi na nyongo, mpaka akapoozwa. Hawakujua alichopoteza. Sasa kinajulikana: kimojawapo ni kifurushi hichohicho. Ni bakteria aliyesahau kuita. Na kazi kubwa ya BCG, ile tunayoitegemea hasa, ni kuwakinga watoto wachanga na TB hii hii ya ubongo. Kwa mtu mzima kama baba yako mdogo nguvu yake haitabiriki.

Nimefika kwenye deksamethasoni.

Katika kundi la Ramakrishnan, David Tobin na wenzake walitafuta samaki wanaozidiwa na ugonjwa kuliko ndugu zao, wakafuata mpaka kwenye jeni inayoitwa LTA4H. Jeni hii inaamua mwili utengeneze kiasi gani cha kemikali za kuchochea uvimbe, na kwa njia hiyo kiasi cha TNF, ambayo ni amri ya kuamsha makrofaji. Samaki wenye TNF kidogo, makrofaji zao zilikuwa dhaifu, bakteria walijaa ndani mpaka zikapasuka. Hilo kila mtu alilitarajia. Ila samaki waliotengenezwa kuwa na nyingi kupita kiasi, makrofaji zao mwanzoni ziliua bakteria vizuri sana, kisha zenyewe zikafa kwa wingi, zikapasuka, bakteria waliobaki wakamwagika nje ambako hakuna wa kuwala, wakaota kwa nyuzinyuzi ndefu. Ugonjwa ukawa uleule. Mmoja kafika kwa njia ya upungufu, mwingine kwa njia ya ziada.

Ukimtazama samaki mmoja mmoja kwa nje huwezi kujua huyu ni yupi. Ukiwapa deksamethasoni, wale wa ziada wanapata nafuu.

Halafu wakaenda Vietnam. Huko, mwaka 2004, Guy Thwaites na wenzake walikuwa wametoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 545 wa TB ya ubongo, vijana na watu wazima, wote wakiwa kwenye dawa za TB, nusu wakiongezewa deksamethasoni na nusu dawa bandia. Waliokufa kwenye kundi la deksamethasoni walikuwa asilimia 32 hivi, kundi la pili asilimia 41. Huo ndio utafiti ambao daktari wa baba yako mdogo anautegemea. Tisa katika kila mia, mwanangu, kwa dawa ya bei rahisi isiyokosekana hospitali. Ila haikupunguza ulemavu kwa waliopona, na hilo lisemwe pia.

Kundi la Ramakrishnan likachukua damu iliyohifadhiwa ya wagonjwa kama hao likaangalia jeni ya LTA4H. Mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Waliorithi mbili kali ndio waliookolewa na deksamethasoni. Waliorithi mbili pole hawakufaidika. Aliyepata moja ya huku na moja ya huku ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010 na 2012, na kwa mara ya kwanza tukaona kwa nini dawa moja inamwinua mgonjwa wa kitanda cha kwanza na haimfanyii kitu wa kitanda cha pili.

Usichukulie kwamba mambo yameisha hapo. Indonesia walipima wagonjwa wao, jeni hiyo haikuonyesha tofauti ileile. Na mwaka 2023 yakatoka majibu ya utafiti wa watu 520 wenye VVU na TB ya ubongo, Vietnam na Indonesia, deksamethasoni haikuonyesha faida ya wazi kwao. Kwangu mimi hilo halinishangazi baada ya kupapasa ile mikono ya sifuri kliniki. Ndiyo maana nilikuuliza kwanza kipimo cha VVU cha baba yako mdogo kimesemaje, ukaniona kama natafuta umbea. Kama kisingekuwa hasi, mazungumzo ya daktari na ninyi yangekuwa tofauti kidogo.

Hili la kinga kuzidi nimeliona kwa macho yangu kabla sijasoma habari za samaki. ARV zilipoanza kuenea, tulikuwa na wagonjwa wa TB wenye VVU waliokuja hoi, tukawapa dawa za TB, wakapata nguvu, tukawaanzishia ARV. Wiki mbili tatu baadaye mtu anarudi na homa, tezi za shingo zimevimba mpaka ngozi inang'aa, nyingine zinapasuka usaha. Ndugu wanakuja juu: mmempa sumu. Ukipima, VVU vimeshuka, CD4, yaani seli za kinga, zimepanda, TB inakufa. Kila kipimo ni kizuri isipokuwa mgonjwa. Kinga ilikuwa imeamka, ikawakuta bakteria waliokuwa wamekaa kimya, ikawavamia wote kwa pamoja. Tuliwapa prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, tezi zikanywea, na ARV wakaendelea nazo. Kwenye shingo unaweza kuvumilia hilo. Kwenye ubongo huwezi, ndiyo maana mwenye TB ya ubongo hucheleweshewa ARV angalau wiki nne.

Na upande wa pili upo. Ulaya na Marekani watu wenye baridi yabisi kali walipoanza kupewa dawa za kuzima TNF kabisa, mwaka 2001 madaktari wakaripoti wagonjwa 70 waliolipukiwa na TB baada ya dawa mojawapo. Robo ya watu duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wamebeba bakteria hawa wakiwa wamelala, na wengi watakufa uzeeni kwa mambo mengine bila kujua. Ukiizima TNF, wanaamka. Kwa hiyo daktari hajaizima kinga ya baba yako mdogo. Ameipunguza, kwa muda, huku dawa nne za TB zikifanya kazi ya kuua ambayo ile kinga ilikuwa inaifanya kwa fujo. Bila dawa za TB pembeni, steroidi peke yake kwa mgonjwa wa TB ingekuwa balaa, na hapo yule kijana angekuwa na hoja.

Kuhusu kopo lake. Nimeisoma ile picha uliyonitumia. Limeandikwa unga wa mlonge, tangawizi na vitamini, na kwamba linaongeza kinga mara dufu. Mlonge ni mboga nzuri, tunao mti uani, mkija mchume bure. Lakini kama kweli kungekuwa na kitu kinachoiongeza kinga ya mtu mwenye TB ya ubongo mara dufu, ningemzuia kukimeza kwa mikono yangu miwili. Bahati nzuri hakifanyi hivyo. Hasara yake ni elfu themanini na imani ya mama yako mdogo kwa madaktari, ambayo naiona ni hasara kubwa kuliko hela. Usimgombeze. Yeye anaona mumewe haongei, na mtu wa kwanza aliyemkalisha chini akamweleza jambo kwa utulivu alikuwa ni huyo muuzaji.

Sasa ya kushika huko wodini. Steroidi inapandisha sukari, hata kwa asiye na kisukari, kwa hiyo waulizeni manesi kama anapimwa, na kwa utaratibu gani. Akianza kulalamika tumbo linamchoma au mkiona choo cheusi, semeni siku hiyohiyo. Anaweza kukosa usingizi, kuongea sana usiku, au kula kuliko kawaida, hayo hupungua dozi ikishuka. Mkojo wa rangi ya chungwa si damu, ni rifampisini, mojawapo ya zile dawa za TB. Macho yakiwa ya njano hilo ni jambo jingine, mwite mtu. Na kichwa kikizidi kuuma ghafla, au akianza kutapika, au usingizi ukawa mzito hata kumwamsha ni kazi, msisubiri raundi ya asubuhi, huenda maji yamejaa na wanaweza kuhitaji kuyatoa.

Watoto wake wawili wa chini wapelekwe kliniki ya TB wakapimwe, hata kama hawakohoi. TB iliyo ubongoni haiambukizi, ila mara nyingi imepitia kwenye pafu, na wao wamelala naye chumba kimoja.

Halafu nipigie picha kadi yake ya dawa, pande zote mbili, nione uzito waliomwandikia. Vidonge vya TB huhesabiwa kwa kilo, na shemeji yangu nilivyomwona sikukuu ya Idi alikuwa ameshakonda sana. Kama wamemwandikia uzito wa kwenye kitambulisho chake cha zamani cha kazini, apimwe upya.

Mama yako